Sauti Niliyompa Digidigi

"Mama Semboja, wewe uliwapa sauti ya nani?" jirani yangu Mwanahawa aliniuliza siku moja tukichambua mchicha.

Siku hizi wapinga mawindo huwavisha digidigi kola zinazosema kwa sauti za marehemu wetu, ili mwindaji alegee mkono. Asiyelegea, wao humchomea nyumba. Mtaani kwetu zimeshaungua mbili, na mwanangu Semboja aliapa hataacha kuwinda. Basi niliwapa kanda ya marehemu baba yake akiadhini.

Alhamisi Semboja alirudi mikono mitupu, akaketi jikoni.

"Nilishamlaza digidigi kuelekea kibla, mama. Kabla sijapiga bismillahi, baba akaniita."

"Alhamdulillahi. Ni kola tu hiyo, mwanangu. Kanda niliitoa mimi, ya adhana."

"Hakuadhini. Aliniita Kidege."

Jina hilo marehemu baba yake ndiye pekee aliyekuwa akimwita, wakiwa wawili shambani, na kwenye kanda halimo.

"Labda kola imeharibika," nikasema.

"Digidigi yule hakuwa na kola, mama."

Akachomoa kisu chake cha kuchinjia kiunoni, akakiweka mapajani mwangu, taratibu, akatoka.