Papa, Twende Nyumbani

Lami ya barabara ya zamani imepasuka, majani yameota katikati. Tangu barabara kuu mpya ifunguliwe kule juu, hakuna gari linalopita hapa, mahali lori lilipomuua mume wa Laurette.

Jirani yake Mzulu, kule Durban, ndiye aliyempa tawi la mti wa miiba. "Mwanangu, ligusishe chini pale alipofia, umwite kwa jina lake, roho yake ishike tawi, umrudishe nyumbani. Usipofanya hivyo atabaki barabarani."

Laurette aliinama, akaligusisha tawi chini, lakini jina hakulitaja. Kwao Kongo, mke kumwita mumewe kwa jina ni kukosa adabu. Akamwita baba, kama alivyozoea: "Papa, njoo. Twende nyumbani."

Tawi likawa zito. Alilibeba bila kugeuka, akafungua mlango wa nyuma wa gari. Kiti kikabonyea.

Alikuwa anafunga mlango kiti kilipobonyea tena. Nyuma yake nyasi zilisikika zikikanyagwa, na hatua zilikuwa nyingi. Wangapi waliofia hapa walikuwa baba za watu, na barabara ikaachwa kabla hawajaitwa?

Aliuacha mlango wazi, akasogeza kiti cha dereva mbele, wapate pa kuweka miguu.