Kimya cha Siwatu

Siku hizi mtu akifa, wakubwa wanachukua sauti yake na kuitia kwenye zumari, iimbe kama yeye. Kwa mke wangu Siwatu hawakungoja hata arobaini. Tayari sauti yake ilikuwa uwanjani kwenye sherehe yao, inawaimbia sifa.

"Furahi, mzee," bwana wa sherehe akaniambia. "Si ndiye huyo?"

"Siye. Siwatu alikuwa akiimba huku anachagua mchele. Akiona jiwe, ananyamaza mpaka alitoe. Utamu wote ulikuwa hapo kwenye kunyamaza. Hiyo zumari yenu inabwata tu."

Akacheka. "Ahsante, mzee. Hilo hatukulijua."

Sherehe iliyofuata, zumari ikaimba, kisha ikanyamaza, kama Siwatu mwenyewe. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Sasa nikichagua mchele nyumbani, nikifika kwenye jiwe, nasikia makofi yao.