Ndoano ya Verna

"Mfalme hafi," mkwe wake Verna alirudia, tabasamu limemjaa usoni. "Mkimkata, kidonda kinajifunga. Kubalini tu yaishe."

Ilikuwa Jumamosi mchana katika mji wa Duluth, theluji imeziba nusu ya dirisha. Mezani palikuwa na ramani, dadu na bakuli la bisi. Ulimwengu wa mchezo waliokuwa wakiucheza mkwe aliubuni mwenyewe kwa miaka mitatu, na mfalme huyo, adui wa wachezaji wote, ndiye aliyekuwa fahari yake. Binti wa Verna na majirani wawili walikuwa wameshakubali kushindwa.

Verna, aliyekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji miaka thelathini na minane, aliuliza, "Kinajifunga upesi kiasi gani?"

"Kufumba na kufumbua, mama."

"Hata kukiwa na kitu ndani?"

"Kitu gani?" mkwe akauliza.

"Ndoano ya nanga. Mnyororo wake nimeufunga kwenye mwamba. Namchoma nayo ubavuni mpaka itokeze mgongoni, kisha siichomoi." Verna alikishika kidole gumba kwa kiganja cha mkono wa pili, akakibana polepole. "Nyama inajifunga na chuma kimo ndani. Nimeyaona hayo kwa macho yangu."

"Mama, we mbaya!" binti yake akapiga ukelele. Majirani walitwanga meza hadi bisi zikaruka.

Mkwe alipekua daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, halafu akalifunga. Akamsukumia Verna dadu kwa mikono miwili.

"Lakini hafi," alinong'ona.

"Nani kasema afe?" Verna akazitikisa dadu. "Aishi milele, mwanangu. Ila hapohapo."