Kufuli la Jikoni

Kibibi alilipiga kufuli la jikoni kwa mchi hadi likakatika. Mama yake, Mwanahawa, alimkuta anafakamia unga mbichi, akamvuta. Wakaangushana sakafuni. Binti akamng'ata mkono, damu ikachuruzika.

"Nina njaa, mama!"

"Umekula sasa hivi!"

Kibibi alizaliwa na ugonjwa usiomruhusu kushiba. Sindano za homoni, alizochomwa na mama yake kila jioni, zilimrefusha na kumkaza misuli, lakini njaa haikupungua hata kidogo. Na misuli hiyo ndiyo iliyovunja kufuli.

Alipotulia, aliliokota, akamkabidhi mama yake.

"Hili dogo, mama. Nunua kubwa."

Kisha akafunua paja, akangoja. Mwanahawa alishika sindano, damu ikimdondoka kiwikoni.