Kupe Mwenye Adabu

Nyati alilazwa hospitali ya wanyama akiwa amejaa kupe. Daktari Korongo akampaka mwarobaini, na kupe wote wakadondoka isipokuwa mmoja aliyekuwa ndani ya sikio. Huyo alikuwa mstaarabu kupindukia. Alinyonya kidogo tu, hata Nyati hakumhisi. Lakini alikuwa na siri: dawa ikipakwa, hubana pumzi mpaka harufu ipite.

Pundamilia alipolazwa kitanda cha jirani, kupe wake wakahamia kwa Nyati. Mstaarabu akawapokea sikioni.

"Karibuni, ndugu zangu. Hapa kwetu mwarobaini ukija, tunabana pumzi. Na mtu akipiga hodi, hatumnyimi karibu. Kunyamaza ni utovu wa adabu."

Wakajifunza yote mawili, wakawafundisha wenzao, hadi masikio ya wodi nzima yakajaa kupe wasiosikia dawa. Korongo akapaka, akapaka tena. Hakudondoka hata mmoja, na Nyati akazidi kuishiwa damu.

Korongo akaweka dawa chini, akawaza.

"Kama hawasikii dawa," akajisemea, "huenda wakasikia hodi."

Akainamisha mdomo wake mrefu kwenye sikio la Nyati. "Hodi humu?"

"Karibu ndani," akajibu yule mstaarabu.

Korongo akaingiza mdomo, akammeza pamoja na wageni wake. Kisha akapita kitanda kwa kitanda akibisha hodi, na kila sikio likamkaribisha kwa heshima.

Nyati akatikisa masikio yake, mepesi sasa.

"Ndiyo maana husemwa," akasema, "mgeni njoo, mwenyeji apone."