Mlio wa Pikipiki ya Ndugu Justus

Silasi alilichomoa bomba la ndani la ekzosi, lile lenye matundu linalomeza kelele, akalisukuma kwa mguu chini ya benchi. Kisha akamdanganya mwenye pikipiki bila kupepesa macho.

“Limeziba masizi, ndugu. Pikipiki hizi zinazokunywa petroli na oili pamoja ndivyo zilivyo. Nikilirudisha, itakufia kwenye mchanga.”

“Basi litupe,” alisema Ndugu Justus, akapiga kiki.

Loo! Pikipiki ililia mpaka wauza vitenge wa mtaa wa Mtendeni wakaziba masikio. Justus akacheka, akaondoka zake, na moyo wa Silasi ukatulia kidogo.

Huyo Justus ndiye aliyeongoza Operesheni upande wa Goweko, mwaka ule wa sabini na nne, watu walipoambiwa waache makao yao yaliyotawanyika wakaishi pamoja katika vijiji vya ujamaa. Wengine walikwenda kwa hiari. Waliogoma walipakiwa kwenye malori pamoja na vyungu vyao, wakamwagwa porini, hakuna paa wala kisima. Katika kundi la kwanza vizee wawili hawakumaliza wiki.

Na mama yake Silasi, Apolinaria, kifua chake kibovu, kutembea kwake kwa kushikwa mkono, alikuwa miongoni mwa waliogoma ambao zamu yao ilikuwa bado haijafika. “Nimezika watoto wanne hapa,” alisema. “Siwaachi.” Mwisho wa maneno.

Silasi angeweza kupunguza oili kwenye petroli, pistoni ikauma, mchezo ukaisha. Hilo aliliwaza siku mbili nzima. Lakini pikipiki ikifa, Justus angepewa gari, na gari zuri hufika mlangoni mtu hajasikia kitu. Hapana. Alitaka mama yake amsikie Justus tangu yuko mbali.

Dada yake Leonia alipokuja mjini kuuza asali, Silasi hakumpa hata nafasi ya kukaa.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Sikiliza. Mkisikia mlio, msisubiri hata kufunga mlango. Mbebe mama mgongoni, mshike ile njia ya zamani ya misafara, mwingie msituni. Waambie na majirani.”

Njia hiyo Leonia aliijua. Ndiyo waliyopita wapagazi wa zamani na pembe zao za ndovu kwenda pwani. Nyasi zilikuwa zimeimeza, lakini upana wake ulikuwa palepale.

“Na tukikamatwa?”

“Mtakamatwaje na mtu mnayemsikia tangu yuko relini?”

Na kweli, dawa ikafanya kazi. Mara tatu Justus alifika na mgambo wake, mara tatu akakuta nyumba tupu. Leonia alikuwa akileta habari huku anacheka: sasa hata watoto wadogo wakisikia mlio hawalii tena, wanashika njia wenyewe. Silasi akaanza kupata usingizi.

Baada ya safari ya tatu, Justus aliingia gereji asubuhi mapema, akaegemeza pikipiki ukutani. Nimeshtukiwa, Silasi akajisemea.

“Fundi, nafika nakuta ugali bado unafuka moshi,” Justus alisema. “Watu hakuna. Nyayo tu, tena zote zimeelekea upande mmoja.”

“Pole sana, ndugu.”

“Nitengenezee hii kitu vizuri. Kesho isinizimikie hata dakika moja.”

“Na mgambo wako watapanda nini?”

“Mgambo nimewapa kazi nyingine. Kesho nakwenda peke yangu.”

Jamani, Silasi nusura acheke mbele ya mkubwa! Mtu mzima, tena wa ukoo wa wawindaji kule Nzega, anakwenda kukamata vijumba ishirini peke yake, na kelele zote zile!

Akakaa chini, akafanya kazi. Alifungua kichwa cha silinda akakwangua masizi. Akasugua platini za umeme kwa msasa, akaweka plagi mpya aliyokuwa ameificha mwaka mzima. Akarekebisha kabureta kwa bisibisi, kidogo kidogo, sikio amelitega, mpaka mlio ukawa mkali na mkavu, hauna kikohozi hata kimoja. Mafuta alichanganya mwenyewe, petroli vipimo ishirini kwa kimoja cha oili, asije mtu akakosea. Hakuwahi kutengeneza injini kwa mapenzi namna ile. Alikuwa akimtengenezea mama yake.

“Inasikika mpaka wapi?” Justus aliuliza.

“Upepo ukiwa mzuri, hata maili tatu.”

“Zinatosha.”

Kesho yake Silasi hakushika kazi yoyote ya maana. Alifunga nati, akaifungua, akaifunga tena. Alasiri akausikia mlio unarudi, bado mzima, bado mkali, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kama mlio ulikuwa mzima vile, basi mama naye alikuwa ameusikia mapema.

Justus alizima pikipiki mlangoni, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Akamkumbatia fundi kwa mikono miwili.

“Wote, fundi! Watu sitini na tatu, na sikumgusa hata mmoja! Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga kelele tu upande wa reli, malori na mgambo wanawangoja kwenye ile njia ya misafara tangu alfajiri. Wamekuja wenyewe, mbio, hawaangalii nyuma, mpaka binti mmoja katufikia na mama yake mgongoni, mwenyewe hajui kuwa bibi wa watu amekwisha kukata roho.”