Habari Iliyokatwa kwa Wembe

Mimi na mjukuu wangu tulikuwa tunabandua magazeti ya zamani niliyotandika kwenye droo za kabati, naye akinisomea vichwa vya habari.

"Dunia kuisha Ijumaa. Bibi, mlifanya nini?"

"Babu yako aliacha kupaka rangi mlango. Akasema wa nini tena."

Mlango ule haujapakwa rangi mpaka leo.

Tulicheka, kisha akainua ukurasa wenye tundu. Habari nzima ilikatwa kwa wembe, pembe zote nne zimenyooka. Mkono ule naujua. Mume wangu ni fundi saa, na gazeti alilisoma yeye kwanza kabla ya kunipa.

"Labda palikuwa na picha ya msichana," mjukuu akasema.

"Labda."

Miaka yote hiyo, nikawaza, mtu ananificha jambo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Droo ya chini nilikuwa nimeitandika magazeti ya jirani. Nilipekua hadi nikapata la tarehe ile ile, likiwa zima. Nikavaa miwani, nikasoma habari ya mahali pale pale.

"Ugonjwa wa mapafu: wengi hawamalizi mwaka."

Mwaka ule nilikuwa kitandani, nakohoa damu, naye kila jioni alinihakikishia kwamba hata magazeti yanasema wagonjwa kama mimi wanapona.

"Mbona mmenyamaza huko?" fundi saa akauliza kutoka sebuleni.

"Tunafuta vumbi tu, baba," nikajibu, nikalitandika gazeti lile upya, habari ile ikitazama ubao.